Chungu Chenye Namba

Marehemu mume wangu alikuwa karani wa masjala kwa miaka ishirini na tisa, na hakuwahi kuleta nyumbani hata kalamu ya ofisi. Naanza na hilo kwa sababu wapo wanaosema aliiba ua.

Ua lenyewe, la majani mapana, lilikaa kwenye korido ya ofisi yao, na kila apitaye alilimwagia chai iliyobaki kikombeni. Likajaa sisimizi, likabaki na majani mawili. Mkuu wa ofisi akaamuru litupwe. Mume wangu akaliomba, akapewa mbele ya watu, akalibeba na chungu chake kifuani kama mtoto mwenye homa.

Nyumbani likawa mke mwenzangu. Alitumbukiza kidole udongoni, na kikitoka kikavu ndipo alipolimwagia maji. Majani aliyapangusa kwa kitambaa chenye unyevu, na kila Ijumaa alilizungusha kidogo lisiinamie dirishani. Alipofariki lilikuwa linagusa fimbo ya pazia. Kidole kikawa changu.

Mwezi wa nne tangu tumzike, tarishi wa ofisi akagonga mlango. Mkuu mpya alikuwa anakagua mali, na daftarini kulikuwa na chungu kisichoonekana. Tarishi hajakaa vizuri, mtaani walishaanza: lisemwalo lipo. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akanivuta jikoni, akanisihi nilitoe ua kimyakimya yaishe.

"Majani tu hayo, shemeji."

"Nikilitoa kimyakimya nimekubali kaka yako alikuwa mwizi."

Nikamwomba tarishi anisomee daftari lake. Chungu kimoja cha udongo, namba mia nne kumi na mbili. Ua halikuandikwa popote. Nikatandika magazeti barazani, majirani wakitazama, nikaling'oa ua na mizizi yake yote, nikakisugua chungu kwa sabuni mpaka namba ikang'aa.

"Mama, mbona kina ufa?" tarishi akauliza.

"Kilikuja nao. Saini hapa kwamba umekipokea, kisha usome kwa sauti. Wale wa ng'ambo ya barabara wanasikia kwa shida, ila kusema wanaweza."

Akasoma, mpaka namba.

Sasa ua limo kwenye ndoo ya bluu, pale pale dirishani, na pazia nimelifunga pembeni wapitao walione. Shemeji akija, kiti chake ni kile kilicho karibu nalo, jani likimgusa sikio.