Unyayo wa Warsame

Ugbad alisomea uhandisi Nairobi, akarudi Garissa kutengeneza miguu ya bandia, na kisa chake ni mtu mmoja: baba yake Warsame, mfugaji wa Sangailu aliyekatwa mguu baada ya kuumwa na nyoka. Unyayo wa bandia wa baba yake, Ugbad aliuunda mwenyewe, tabaka juu ya tabaka la nyuzi za kaboni zilizoloweshwa gundi, ukatoka mweusi, mgumu kama upinde.

Unyayo wa namna hiyo haufi ghafla. Kwanza gundi hupata nyufa zisizoonekana, kisha tabaka huachana, na kila mara unyayo huzidi kulegea, hadi nyuzi zenyewe zikatike. Kwa hiyo kila Warsame alipokuja mjini, Ugbad aliubana mezani, akauning'inizia mfuko wa saruji, akapima umeinama kiasi gani. Hapo alikisia utadumu hadi lini.

Mwaka wa ukame, uliinama kupita kiasi.

"Aabo, unyayo umelegea," akamwambia baba yake. "Uache nikutengenezee mwingine."

"Ndiyo kwanza umekuwa mguu!" Warsame akacheka. "Zamani nikisujudu ulinisukuma kama ndama mkorofi. Sasa unajikunja wenyewe. Na ng'ombe wanahamia Mto Tana kesho. Unataka niwafuate nikitambaa?"

Ugbad akapiga hesabu upya: hatua za kwenda mtoni, hatua za kurudi. Nyuzi zingehimili hadi mvua. Akamfunga mguu, akamwacha aende.

Sala hakuzihesabu. Katika kila rakaa kisigino kilikuwa juu na ncha ya unyayo imekunjwa chini ya uzito wa mzee anayeinuka, mkunjo ambao kutembea hakuleti. Ule ulaini alioufurahia baba ulikuwa tabaka zikiachana palepale.

Unyayo ulikatika alfajiri moja huko mtoni, Warsame akiinuka kutoka sijda. Wenzake walisikia mlio kama wa ukuni mkavu. Akaanguka, nyonga ikavunjika, na daktari akasema hatasimama tena. Ng'ombe wakauzwa.

Siku hizi Ugbad hupima kila unyayo ukiwa umekunjwa hivyo. Wa kwanza kufaulu aliuunda kwa kipimo cha baba yake, ingawa alijua hatautembelea. Akampelekea nyumbani, akamkuta anasali kitandani. Akangoja amalize.

Warsame alijaribu kuupinda kwa mikono miwili.

"Mgumu huu."

"Ni mgumu, Aabo."

"Wa kuchungia hasa." Akaupapasa ncha, akamrudishia. "Mpe mtu mwenye ng'ombe."