Nilificha Onyo la Mabomu, Mzee Akaingia Majanini

Kosa ni langu. Naanza hivyo msije mkadhani nimekuja hapa kujitetea. Jina langu nalificha, lakini nilichokifanya sikifichi tena. Nimechoka nacho!

Ilikuwa miaka ile kabla metro haijaanza Dubai. Mimi ni mwanamke wa Tanga. Nilianza kwa kupiga deki hotelini Al Mankhool, miaka mitatu, mpaka magoti yakaota sugu. Kisha nikapata kazi ya mezani katika ofisi ndogo ya safari kule Deira. Kiti cha kuzunguka, kiyoyozi, wateja wananiita madam! Nikajiona nimefika.

Bosi wetu, tuliyemwita sir, alianzisha safari za vikundi vidogo kwenda Bosnia. Misikiti ya kale, daraja la mawe la Mostar, maporomoko ya maji, milima. Kikundi cha kwanza kilikuwa wazee wanane wa Kizanzibari walioishi Dubai tangu zamani. Wao ni Kiswahili na Kiarabu tu. Mwongoza watalii wa kule, kwa wageni, ni Kiingereza tu. Basi nikapewa mimi kazi ya kutafsiri.

Siku moja kabla ya kuondoka sir akaniita pembeni.

"Kule kulikuwa na vita," akaniambia. "Kuna mabomu ya ardhini hayajateguliwa. Usiwatajie. Wazee wanataka kustarehe. Ukiwatisha, khalas, unarudi kwenye deki yako."

Nikajibu nini? "Yes, sir." Kama kasuku! Hata swali moja sikuuliza!

Siku tatu za mwanzo zilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Mwongozaji wetu aliitwa Mirsad, mwalimu wa shule wa zamani, mrefu, mvi kichwa kizima, anaongea taratibu. Bi Zuwena, mke wa Mzee Nassor, alinipenda kama mtoto wake wa kumzaa. Kwenye gari alinikalisha ubavuni mwake na kunifunika shali yake. "Baridi hii itakuua, mwanangu," alikuwa akisema.

Siku ya nne tukapanda mlimani kuona kijiji cha wafugaji. Mirsad alitusimamisha mwanzo wa njia, akasema kwa Kiingereza, polepole, akinitazama mimi: "Mwambie kila mtu afuate njia yenye alama. Asikanyage majani hata hatua moja. Mabomu bado yapo, na vibao vingine vimeangushwa na theluji. Wameelewa?"

Wazee wakanigeukia.

Nikawaambia: "Anasema tutembee pamoja tusipotezane. Na maua tusichume."

Wakacheka. Mirsad akaona vicheko, akakunja uso, akaniuliza, "Umewaambia yote?"

"Yote," nikasema.

Mjinga mimi! Mjinga wa kutupwa!

Alasiri ikaingia. Mzee Nassor, mtu wa miaka sabini na ushei, akatafuta mahali tambarare pa kusalia. Akatupa mswala begani, akaingia majanini. Alikuwa kama hatua ishirini hivi Mirsad alipomwona na kupiga ukelele ambao bado nausikia.

"Mwambie asimame! Asinyanyue mguu!"

"Babu, simama hapo hapo! Usinyanyue mguu!" nikapiga kelele kwa Kiswahili.

Mzee akasimama. "Kuna nini, mwanangu? Nyoka?"

"Mabomu, babu. Yamezikwa chini tangu vita."

Bi Zuwena akaanguka chini akilia. Mzee akanitazama, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na weye ulikuwa ukijua?"

"Ndo kwanza nasikia, babu."

Jamani! Mtu amesimama juu ya kifo chake, nami namdanganya!

Wategua mabomu walifika baada ya saa tatu. Saa tatu nzima yule mzee alisimama wima. Na saa zote hizo Mirsad alisimama ukingoni mwa njia, macho kwa macho naye, akimsomea sura ya Yasini. Hawakuwa na lugha moja, ila hiyo waliijua wote wawili. Mzee alipotaka kuyumba, Mirsad alipaza sauti, naye akashika aya, akasimama.

Alitolewa salama. Wategua mabomu walikuta moja hatua nne kutoka alipokuwa.

Kisha akaja polisi na daftari lake. Akaniuliza kwa Kiingereza kama mwongozaji alitoa onyo. Mirsad akanigeukia, uso umetulia, maana alijua jibu ni moja tu.

Nikamwona sir akilini mwangu. Nikaiona ndoo ya deki. Nikasema, "Hapana. Hakusema."

Mirsad aliniangalia tu, kama mwalimu anavyomwangalia mwanafunzi ambaye hakutarajia amdanganye. Kesho yake tukaletewa mwongozaji mwingine.

Mngedhani nilirudi Dubai nikakosa usingizi. Wapi! Nilirudi kwenye kiti changu na sir akanisifu. Wiki sita nilikaa hivyo.

Ndipo Mzee Nassor akaniita kwao, Deira. Alikuwa na kadi ya Mirsad. "Huyu mtu nilimkasirikia kwa kutotuonya," akasema, "lakini alinisomea mpaka nikatoka. Nataka nimshukuru. Nitafsirie." Simu ikawekwa mezani, spika imefunguliwa, Bi Zuwena yuko pembeni.

Mirsad akapokea. Nikamfikishia shukrani. Akasema: "Mwambie nafurahi yuko hai. Mwambie pia kwamba nilitoa onyo, na wewe unajua. Nimefukuzwa kazi. Mabinti zangu wanaulizwa shuleni kama baba yao ndiye aliyetaka kumuua mgeni."

Mzee akanisogelea. "Amesema nini?"

"Anakusalimu sana, babu. Anakuombea afya."

"Siyo alichosema."

Ilikuwa sauti ya Salma, binti yao, mwalimu wa Kiingereza. Alikuwa amerudi kutoka kazini, amesimama mlangoni, mkoba begani. Sikuwa nimemsikia akiingia.

Mzee hakumwomba Salma atafsiri. Alininyooshea kidole mimi. "Rudia. Neno kwa neno."

Nikarudia. Yote. Na lile la maua nikalisema.

Bi Zuwena akaweka mkono mdomoni. Mzee akasema, "Sasa mwambie hivi: nisamehe, nilikudhania vibaya."

Nikatafsiri huku nalia. Mirsad akajibu, "Mwambie sina kinyongo naye. Wewe sina la kukwambia." Simu ikakatika.

Hata hilo nililazimika kulitafsiri!

Bi Zuwena alifungua mlango, hakunitazama. "Nilikufunika shali yangu," alisema. "Nenda."

Kesho yake familia ikaja ofisini. Sir akawaka: "Mimi? Mimi nilimwambia afiche?" Akanifukuza mbele yao, mwongo mkubwa yule! Mpaka leo nikimfikiria damu inachemka. Lakini mdomo uliosema "hakusema" haukuwa wake. Ulikuwa wangu.

Salma aliandika barua kwa ile kampuni ya Bosnia. Nami niliandika, nikakiri, nikaweka sahihi. Hatukujibiwa. Namba ya Mirsad haikuita tena. Sijui kama alirudishwa kazini, sijui wale mabinti waliambiwa nini shuleni.

Nyinyi mnaotafsiria watu hospitalini, polisi, kwenye nyumba za matajiri wenu, nisikilizeni. Bosi akikwambia neno fulani uliruke, mwambie aje alitafsiri mwenyewe. Akikufukuza, beba begi lako uondoke. Yule aliyesimama mbele yako hana masikio mengine ila yako, na anaweka mguu pale ulipomwambia pako salama.