Cheo Kisichokuwa na Kiti

Siku ya kwanza nilipoingia kazini kama Kaimu Mkuu wa Ubunifu wa kaunti, mjini Isiolo, nilipewa barua ya uteuzi na ufunguo wa chumba. Ndani hamkuwa na meza wala kiti. Dereva wa idara ya maji, niliyesafiri naye miaka mingi nikiwa fundi wa pampu, alichungulia mlangoni akacheka. "Bwana Ubunifu, si ubuni kiti basi!"

Katibu wa Kaunti, mkuu wa watumishi wote, alinieleza kazi akiwa amesimama. "Cheo hiki hakiko kwa muundo," alisema. Muundo ni orodha rasmi ya vyeo; kisichoandikwa humo hakipo. "Una miezi sita. Nionyeshe kitu kimoja kinachofanya kazi, nitapeleka cheo mbele ya Bodi ya Utumishi. Ukikosa, unarudi kwa spana."

Sikutaka kurudi kwa spana. Cheti changu kilikuwa cha ufundi tu. Mambo ya kompyuta nilijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima. Tangu siku hiyo sikutulia. Hata chakula cha mchana nilikula nikitembea.

Nilianza na nilichokijua. Pampu ikiharibika mbali, mtu alisafiri hadi mjini kutuambia. Nikaunda mfumo wa ujumbe mfupi: mwendeshaji wa pampu anatuma neno moja, "inafanya" au "imekufa", na simu zote zilizosajiliwa zinapata orodha ya visima vyenye maji.

Afisa Mkuu wa Maji, mama mpole aliyekuwa bosi wangu wa zamani, aliisoma karatasi yangu mara mbili. "Hii orodha inaenda kwa nani?"

"Kwa kila mfugaji, mama."

"Umewauliza wenyewe?"

Nilimjibu kwamba nimetengeneza pampu za kule miaka ishirini. Hilo halikuwa jibu la swali lake.

Kiangazi kilipokaza, orodha ilionyesha kwamba kisima kimoja upande wa Sericho kinafanya na visima jirani vimekufa. Habari ilikuwa ya kweli. Siku chache baadaye makundi ya ng'ombe na ngamia yalifika kutoka pande zote, pampu ikaendeshwa bila kupumzishwa, mota ikaungua. Ujumbe ulinifikia nikiwa ofisini: "imekufa". Mfumo wangu ulikuwa umefanya kazi sawasawa.

Nilisafiri na dereva yuleyule, tumebeba mota nyingine nyuma ya gari. Njia nzima hakutania.

Kando ya birika la kunyweshea mifugo alikaa mzee mmoja, peke yake.

"Salaam aleikum," nilimsalimu.

"Aleikum salaam. Wewe ndio mtu ya simu?"

"Ndiyo mimi, mzee."

"Mimi ni aba herega." Kwa Waborana, huyo ndiye mpangaji wa zamu za kunywesha: nani leo, nani kesho, mgeni aingie lini. "Mgeni anakuja kwangu kwanza, anaomba. Naangalia maji, nasema ngoja ama ingia. Sasa hawa wamekuja wananionyesha simu. Wanasema serikali imewaita."

"Sikuwaita, mzee. Nilisema tu pampu inafanya."

"Kiangazi kama hii, ukisema maji iko, umeita."

Tulikaa siku tatu tukibadilisha mota. Kila nilipopumzika nilikaa karibu naye, nikauliza yale niliyopaswa kuuliza mwanzoni. Niliporudi mjini niliifuta ile orodha. Sasa ujumbe unafika kwa watu wawili tu: fundi, na aba herega wa kisima hicho. Mgeni atamwomba yeye, kama zamani.

Miezi sita ilipoisha, Katibu aliniuliza, "Kinafanya kazi?"

"Kwanza kiliunguza mota. Sasa kinafanya."

Bodi ilikubali cheo, nami nikaagizwa niandike maelezo yake ya kazi. Ngazi ile ilidai shahada. "Andika ilivyo sheria," Katibu alisema, macho yakiwa kwenye faili. Nikaandika: awe na shahada. Kisha nikaongeza sharti la mwisho: kabla ya kuanzisha mfumo wowote wa maji, akae kisimani na aba herega. Bodi iliona hiyo si lugha ya ofisi. Katibu alikataa lifutwe.

Ninyi mnaoingia kazini sasa mtaniuliza kama niliumia. Niliumia. Nilirudi kwa spana hadi nilipostaafu, na cheo kile alipewa binti mwenye shahada mbili. Nyumbani siwezi kukaa. Nimeshafungua na kufunga mashine ya kushonea ya mke wangu mara nne, na haina tatizo.

Wiki iliyopita binti huyo, anayeandaa mfumo mpya wa maji, alinipigia simu kutoka Sericho. "Mzee, niko kisimani tangu jana. Aba herega amenipa chai lakini hasemi kitu. Na ripoti yangu inangojwa. Nirudi?"

"Umekaa wapi?"

"Ndani ya gari. Jua ni kali."

"Toka kwa gari," nikamwambia.