Mvinyo wa Kitaliano Ulioiva Makanya

Mdogo wangu alipanda mlimani kwetu kutoka Makanya na chupa tatu za mvinyo mwekundu wa Italia, na maneno yaliyozidi chupa. Alipewa na bosi wake Mtaliano wa machimbo ya jasi, bosi huyo alipokuwa anarudi kwao Italia. Akaziweka miaka minne chini ya bati la chumba chake cha kupanga, mahali ambapo hata mjusi hutafuta kivuli. Sasa alitaka tuzipeleke kwenye posa yake, kijiji cha Vudee, badala ya dengelua yangu, pombe ya miwa iliyomvalisha viatu vya shule tangu wazazi wetu walipofariki nami nikaacha masomo darasa la sita.

Zote zilitoka shamba moja, akanieleza, ila zabibu zilivunwa miaka tofauti. Siku moja kabla ya posa alizifungua jikoni kwangu, akawa anazungusha bilauri kama anayetafuta sindano iliyozama.

"Dada, nusa kwanza. Utasikia ngozi na tumbaku."

"Ngozi ya mnyama gani?"

"Dada, bwana!"

Ile changa ilinishika ulimi kama ndizi mbichi. Ya kati ilikuwa nzuri. Nilinyamaza, asije akavimba kichwa. Ya zamani kabisa ilikuwa na rangi ya chai iliyolala, na nilipoionja ikanipanda puani. Nimepika pombe zaidi ya miaka ishirini. Siki naijua hata ikivalishwa lebo ya dhahabu.

"Hii imekufa," nikamwambia. "Joto la Makanya limeiua."

"Hiyo ndiyo yenye thamani! Ni ya mjomba mkubwa wa mchumba wangu. Ya zamani kwa mkubwa, changa kwa wadogo. Dada, wewe uliishia la sita, mambo haya niachie."

Alidhani amepanga heshima. Kesho yake nilibeba dumu la dengelua mgongoni, naye akatembea mbele kidogo, asionekane nalo.

Wakwe wale wanakunywa, na wanajua wanachokunywa. Kuna mchumba waliyemrudishia pombe yake, akateremka nayo mlima. Kwao mleta kinywaji hunywa kwanza. Akinywa kisha akakupa kikombe hicho hicho, amekuapia kwamba ni kizuri. Kwa kuwa hatuna baba wala mama, mnywaji ni mimi.

Mdogo wangu alihutubia kuhusu vilima vya Italia mpaka shangazi mmoja akasinzia. Kisha akamimina ile iliyokufa, akanipa. Mjomba mkubwa alikuwa ameshanyoosha mkono.

Nikanywa funda moja. Ningempa, angejua kabla hajameza, na posa ingekataliwa, binti asingeitwa kutoka ndani. Nikakimimina kikombe kwenye majani.

"Hii imeharibika, baba. Nisamehe. Chetu kiko kwenye dumu."

Mdogo wangu alinitazama kana kwamba nimemvua shati. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Sasa tumepata mtu wa kuzungumza naye," akasema, akanivutia kiti karibu na chake. Nikanywa dengelua, nikampa. Alimaliza, akaomba tena, ndipo akaagiza binti aitwe.

Mpaka leo mdogo wangu anasema wazee wa Vudee hawajui mvinyo. Kilichobaki kwenye chupa ile nilikitia kwenye kachumbari siku ya harusi. Alikula, akaongeza, akauliza ni nani aliyeitengeneza.