Boya Lililokunywa Petroli

Siku moja haijanitoka, mwanangu, na kwa umri huu sidhani kama itanitoka tena. Ilikuwa mwaka wa tisini, mwezi ule vita vilipoanza kule kaskazini. Nilikuwa kijana wa hapa hapa Rwezamenyo, fundi wa umeme wa magari katika gereji ya baba yangu mdogo, Selemani. Kazi nilikuwa naijua, sikatai. Lakini nilikuwa na mdomo. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi vidole vyangu vyote vilikuwa vizima.

Tulikuwa na mteja anaitwa Gaspari, muuza mbao, aliyekaa Gahanga na mkewe, Mama Alisi. Gahanga ya siku hizo ilikuwa mashamba ya mihogo na maharage, si haya majumba unayoyaona leo. Bwana huyu alinunua pikipiki ya maji kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Usicheke. Ni chombo unachokikalia kama pikipiki, kina usukani na kiti, ila kinakimbia juu ya ziwa. Kilikuwa kikuukuu, rangi imebabuka. Kila Jumapili alikifunga nyuma ya gari, akaenda nacho Ziwa Muhazi, akazunguka huko peke yake, jioni akakirudisha uani kwake. Watu walimcheka, mtu mzima anachezea maji. Yeye hakujali. Alikuwa mpole, mtu ambaye ukienda kumfanyia kazi hurudi bila kula kwake.

Jumamosi moja akaniita nimjazie tangi. Nikalijaza petroli, sisi tukiiita esansi, mpaka shingoni. Nikawasha, mshale wa geji, kile kipimo cha mafuta, ukapanda juu. Jumatatu nikarudi kumfungia plagi mpya, nikawasha tena, mshale umelala chini kabisa.

"Jana ulikwenda ziwani?" nikamuuliza.

"Niende wapi na vita hivi? Haijatoka hapa uani."

Kichwani nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Tangi zima la esansi limekwenda wapi? Mfuniko wa tangi ulikuwa hapo hapo mbele ya magoti yangu, mwanangu, na sikuugusa. Nilifunga plagi, nikala mihogo yake, nikaaga.

Jioni nikaenda kwa kinyozi. Lazima ujue mji ulivyokuwa. Watu walikuwa wakikamatwa kila siku, wakiitwa ibyitso, yaani vibaraka wa adui, na wengi wao kosa lao lilikuwa kuzaliwa Watutsi. Gaspari alikuwa Mtutsi. Nami nilikuwa nikilijua hilo nilipokaa kwenye benchi lile na kusema, "Jamani, tangi la Gaspari nimelijaza mwenyewe juzi, leo nimelikuta tupu, naye anasema hakutoka."

Wallahi sikusema zaidi ya hapo. Mmoja akadakia, "Basi anavusha watu usiku kule ziwani." Mwingine akaongeza, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Methali hiyo siipendi mpaka leo, na wewe usiniletee humu ndani. Mimi nilicheka, nikangoja zamu yangu ya kunyolewa.

Wiki haikuisha Gaspari akachukuliwa. Walimweka uwanja wa mpira, hapo juu Nyamirambo, pamoja na mamia ya wengine, jua lao, mvua yao. Sisi tuliokaa karibu tulikuwa tunasikia sauti. Tulifunga madirisha.

Mama Alisi alikuja gereji asubuhi, kitenge kimeloa, ametembea kutoka Gahanga. Hakunitazama mimi. Alimwambia Baba Mdogo, "Wanasema esansi ya mume wangu imeishia kwenye kuvusha maadui. Wanasema fundi wenu ameona."

Baba Mdogo akaweka spana chini. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Uliona nini, Yusufu?"

"Niliona tangi tupu, Baba Mdogo."

"Uliliona tangi?"

"Niliona mshale."

"Basi ulichoona ni mshale. Petroli hukuiona. Chukua vifaa."

Tulikwenda na Mama Alisi. Kufika uani, Baba Mdogo akavunja kijiti kwenye ua, akakikwangua maganda, akafungua ule mfuniko, akakichovya. Kikatoka kimelowa mpaka vidoleni mwake. Tangi lilikuwa limejaa vile vile nilivyoliacha. Mama Alisi akashika kichwa. Mimi nikasema twende upesi tukawaambie.

"Ukawaambie nini?" akasema Baba Mdogo. "Ukienda na kijiti watasema tumejaza leo. Kwanza tutafute ugonjwa ulipo."

Akaanza kazi, taratibu, kana kwamba hakuna uwanja wala vita. Alipima betri, ikawa nzima. Akachomoa nyaya mbili zinazotoka kwenye tangi, akaniambia nizigusanishe huku yeye akitazama geji. Mshale ukaruka mpaka juu. Nikiziachanisha, unaanguka. "Geji ni nzima, na waya ni mzima," akasema. "Muongo yumo ndani ya tangi." Akafungua skrubu, akachomoa kile kifaa cha ndani, mkono mwembamba wa chuma wenye boya dogo mwishoni. Boya hilo ndilo linaloelea juu ya petroli na kuuambia mshale panda au shuka. Akaligeuza kwenye jua, tukaona ufa mwembamba kama unywele. Akalileta sikioni mwangu, akalitikisa. Chwa, chwa, chwa. Petroli ilikuwa ndani yake.

"Limekunywa," akasema. "Jumamosi lilikuwa bado jepesi, likaelea. Mpaka Jumatatu limeshiba, limezama, na mshale umelifuata chini. Wewe ukaufuata mshale, na mtaa ukakufuata wewe."

Kisha akamwomba Mama Alisi kipande cha sabuni ya kufulia, akakikandamiza kwenye ufa ule kama tunavyoziba tangi linalovuja, ili petroli isitoke. "Huyu ndiye shahidi wetu," akasema, akalifunga kwenye leso.

Siku zile, mwanangu, kumtetea mtu aliyeitwa icyitso, kibaraka, ilikuwa kuomba kufungwa pamoja naye. Baba Mdogo alijua. Alirudi nyumbani akatia udhu, akavaa kanzu, akaagana na mkewe, tukapanda uwanjani. Pale langoni palikuwa na ofisa mmoja kwenye meza. Alitusikiliza. Baba Mdogo alimweleza yote, kuanzia kijiti mpaka sabuni, kwa adabu, bila haraka. Yule ofisa akanigeukia mimi.

"Ni wewe ulisema tangi iko tupu?"

Ulimi uliokuwa mwepesi kwa kinyozi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. "Niliona mshale, afande," nikasema. "Tangi sikuliangalia. Limejaa."

Akalichukua boya, akalitikisa sikioni. Akatabasamu hasa. "Ni kweli, mzee. Iko kitu ndani." Moyo wangu ukainuka. Kisha akalirudisha kwenye leso, akaisukuma kwetu. "Lakini humu ndani hakuna mtu aliletwa kwa sababu ya esansi. Rudini nyumbani, kabla sijauliza majina yenu."

Tulishuka kilima. Mimi mjinga nikatafuta pa kujificha, nikasema, "Baba Mdogo, si umemsikia? Si neno langu lililomfunga."

Akasimama katikati ya barabara. Sijawahi kumwona na uso ule, si kabla wala baada. "Walikuwa wanatafuta kamba," akasema. "Wewe ukawapa. Kwamba wangeipata kwingine, hilo waachie wao waliseme. Wewe huna ruhusa ya kulisema."

Mwaka uliofuata waliachiliwa wengi wa wale waliokuwa bado hai, na Gaspari akawa mmoja wao. Alikuja gereji mwenyewe, amekonda, anatembea akiegemea ukuta. Nilikuwa nimelihifadhi boya kwenye sanduku langu la vifaa, na sabuni yake. Nilimwambia kila kitu, nikilia, sioni haya kukuambia. Nikampa lile boya alitikise.

Alilitikisa kwenye sikio la kulia, akangoja. Akatikisa tena. Halafu akalihamishia sikio la kushoto.

"Sasa nasikia," akasema.

Lile la kulia walimpiga mpaka likafa. Hakunitukana, mwanangu. Aliniuliza tu, "Na siku hizi unafungua mfuniko, Yusufu?" Nikasema ndiyo, Bwana Gaspari. Akaniambia basi nitafute boya jingine nimfungie. Nililitafuta, nikamfungia, lakini ziwani hakurudi tena.

Ya mwaka wa tisini na nne sitakusimulia yote, leo sina kifua hicho. Redio ilisema, vizuizi barabarani vikasema, kila mtu akasema ameona, na walichokuwa wameona ni mshale mtupu. Safari ile hapakuwa na ofisa wa kumpelekea leso. Gaspari na Mama Alisi waliuawa Gahanga mwezi wa nne, na waliowaua walikuwa bado wanaitaja ile pikipiki ya maji. Baba Mdogo alificha watu chumba cha nyuma cha gereji, na wauaji walipobisha aliapa kuwa hajaona mtu. Ndiyo, yeye yule aliyenikaripia. Nilipomuuliza baadaye kwa nini aliapa uongo, akasema, "Siku ile nilikuwa nimekwisha kuchovya kijiti. Nilijua walichokuja kufanya."

Sasa nikuambie kwa nini nimekukalisha hapa na chai yako inapoa. Jana umeingia na simu mkononi, umechangamka, unaniambia mwalimu wetu wa jirani ni mwizi, watu wameona. Nani ameona? Ameona nini? Nimekutazama usoni nikajiona mimi kwenye benchi la kinyozi, na usiku sikulala vizuri.

Sikiliza nasaha yangu. Kabla hujamsema mtu, fungua mfuniko, chovya kijiti, ukione kimelowa au kikavu kwa macho yako. Usipoweza kuchovya, sema nimeona mshale, kisha ufunge mdomo. Usijitetee kwamba ulisema ukweli, kwani mimi pia nilisema ukweli, mshale ulikuwa chini kweli. Ukikuta umekosea, vaa nguo safi, uende ukaseme mbele ya walewale, hata kama umechelewa, hata kama watakucheka. Utakwenda kwa sababu mwenye kutajwa ana mke na ana masikio.

Mungu akupe macho ya kutangulia ulimi wako, mwanangu. Akupe mzee wa kukusimamisha katikati ya barabara nitakapokuwa sipo. Na akuepushe na siku ya kumtazama mtu akihamisha kitu kutoka sikio moja kwenda jingine, nawe unajua ni kwa nini. Amina. Haya, kunywa chai, kisha uende kwa mwalimu ukamsalimie.