Koti la Baba na Moyo wa Baba

Haya, nyinyi wa Elburgon na nyinyi mmetoka Nakuru, sogeeni hapa! Weka hiyo simu mfukoni, hakuna mtu atakufa ukichelewa kumjibu. Ama pengine atakufa, na hiyo ndio maneno nataka kuwaambia leo. Lakini kwanza chekeni mikono ya hii koti mmalize. Najua inanifika magotini. Mmemaliza? Haya.

Baba yetu alikuwa mtu wa reli kule Nakuru. Mrefu! Akisimama kwa mlango, nyumba inaingia giza. Akipiga chafya, wamama wa Njoro wanaanua nguo wakidhani ni radi. Na huyo mtu, kabla afikishe miaka arobaini na tano, alianguka akifunga mabehewa, na hakuamka. Ndugu yake naye alianguka kwa harusi, mguu wa kuku mkononi. Watu wakasema tumerogwa. Sisi tukaacha kusalimia mama mmoja jirani miaka tisa nzima. Bure kabisa! Maskini ya Mungu alikuwa anauza tu mboga.

Basi baada ya mazishi ikafika siku ya kugawa nguo za marehemu, vile kwetu tunafanya. Wazee wakaketi. Koti la reli likainuliwa juu, hili mnaliona, jeusi, vifungo vinang'aa kama macho ya paka. Mimi Barasa, kifungua mimba, nikasimama, nikajikung'uta vumbi. Wazee wakasema, "Wekesa, kuja. Wewe ndio uso wa baba yako." Wekesa ni mdogo wangu! Likamkaa kama alizaliwa nalo. Mimi nikapewa mwavuli. Mwavuli haina kitambaa, waya tupu.

Mwanangu, wivu iliniingia hiyo siku, ikavua viatu, ikaketi. Ilikaa miaka. Wekesa akikohoa, watu wanasema, "Mzee mtupu!" Akicheka, mama analia. Mimi nikajaribu kutembea kama baba, mtu akaniuliza kama nimekanyaga mwiba. Yeye akapata kazi ya kupasua mbao hapa Elburgon, mimi nikabaki Nakuru natengeneza viti. Kila mara alituma salamu kwangu na lori la mbao. Mimi nikapokea mbao, salamu nikaacha kwa lori.

Sasa ikafika 2007, kabla ya uchaguzi. Dada yetu Nekesa alikuwa anaishi Section 58, mtaa mmoja wa Nakuru. Siku hiyo anaanika nguo, mara akashika kifua, akaenda chini na shuka mkononi. Tukamkimbiza hospitali. Mungu saidia, akafungua macho. Daktari alikuwa Muhindi mmoja mpole, babu yake alikuwa na duka mjini, na Kiswahili yake ilinyooka kuliko yangu.

Akaniuliza, "Baba yenu yuko wapi?"

"Alianguka kazini."

"Na ndugu za baba?"

"Mmoja alianguka kwa harusi."

"Babu?"

"Huyo alianguka akifukuza ng'ombe."

Akaweka kalamu chini. "Mzee, nyinyi hamjarogwa. Nyinyi mmerithi."

Akanieleza polepole, kama mtu analisha mtoto. Mwili umejengwa na vyumba vidogo sana, anaviita seli. Hazina mdomo, lakini zinaongea mchana kutwa. Moja inatuma neno kwa ukuta wa mshipa: legea, damu ipite. Inatuma neno ingine kwa vile vipande vya damu vinazibaga kidonda: tulieni, hakuna kidonda hapa. "Sasa kuna ukoo," akasema, "mtu anazaliwa na ile sikio ya kupokea hilo neno ikiwa na kasoro. Neno limetumwa, limefika, na hakuna wa kusikia. Mshipa unabana, damu inaganda, moyo unakosa hewa. Hapa Nakuru sina mashine ya kuona hiyo sikio. Lakini vile mnaanguka, nashuku ni kitu kama hiyo."

Nikamwambia, "Basi daktari, anza na mimi. Mimi ndio nafanana na baba."

Alinipima! Akanifunga waya kifuani hadi nikadhani mimi ni redio, anataka kusikiza habari ya saa saba. Akatoa damu. Niliporudi kuchukua majibu akatabasamu. "Wewe uko sawa. Rudi kila mwaka tuangalie, lakini sasa uko sawa."

Utaamini nilikasirika? Nikasimama pale, shati haijafungwa, nikamuuliza, "Hata ugonjwa ya baba nimenyimwa? Kwani mimi niliokotwa?"

Daktari alicheka hadi miwani ikaanguka. Halafu akaacha kucheka. "Sura haina kazi hapa. Mtoto anaweza kupata hii kitu, mwingine akakosa. Kuna ndugu mwingine?"

"Kuna Wekesa. Yuko Elburgon."

"Anavuta sigara?"

"Kushinda gari la moshi."

"Aache leo. Aje nimpime hii wiki. Na kifua kikimbana, atafune hii dawa." Akaniandikia kwa karatasi, aspirini. "Halafu akimbie hospitali, asingoje. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Nilikuwa na simu. Ilikuwa na chaji. Hata sitawadanganya, na mnajua mimi huongeza chumvi hadi mboga inalia. Hiyo wiki nilisikia Wekesa amefanywa msimamizi wa kiwanda cha mbao, amesimama mbele ya watu na koti la baba. Nikaweka karatasi mfukoni. Nikasema kesho. Kesho ikafika nikasema kesho. Na kuna siku moja, nikipiga msumari kwa kiti cha mtu, nilifikiria hivi: kama alichukua yote ya baba, si achukue na hii pia.

Nilifikiria hivyo. Ndugu yangu wa tumbo moja.

Uchaguzi ukafika, halafu mnajua vile nchi ilipasuka, watu wakapigana. Barabara zikalazwa magogo. Kadi za simu zikapotea madukani kama sukari. Nekesa alikuwa ametoka hospitali, ameketi kwa kitanda, akaniuliza, "Wekesa alipimwa akaambiwa nini?"

"Aliambiwa yuko sawa."

"Barasa. Niangalie."

Nikaangalia dari.

"Hukumwambia?"

Nikatoa ile karatasi. Ilikuwa imekunjika kama sikio la mzee. Akaisoma. Hakupiga kelele, na mnajua Nekesa hupigia kelele hata uji. Akasema, "Daktari alisema neno linafika na hakuna anasikia. Nilidhani hiyo mahali imeharibika iko kwa mshipa yangu. Kumbe ni wewe."

Nilitembea Nakuru nzima nikitafuta kadi ya simu. Nikapata moja kwa kinyozi, nikampatia pesa na mwavuli ya baba juu yake, na akakubali hata kama ni waya tupu, shida ilikuwa imefika hapo. Nikapiga.

"Wekesa, kifua yako iko aje?"

"Ah, ni hii moshi tu. Tangu juzi nikipanda kilima inabana."

Nikamwambia yote. Sigara, dawa, baba, ile sikio. Akauliza kitu kimoja tu.

"Haya maneno ulipewa lini?"

"Novemba."

"Sawa," akasema. Hiyo sawa, mwanangu, singetaka adui yangu aisikie.

Siku mbili baadaye akiwa anahesabu mbao, ilimshika. Mkono, taya, jasho. Zamani angesema ni moshi, angelala kidogo kwa vumbi ya mbao, na tungemzika hapo. Lakini alikuwa amenunua aspirini. Akatafuna, akaita watu. Mwenye kiwanda akamweka kwa lori lililosindikizwa na polisi, wakaondoa magogo moja moja hadi Nakuru.

Nilikuwa kwa mlango wa hospitali. Wakampitisha mbio, na nesi akanitupia koti. "Shika hii!" Nikaogopa itaanguka chini, nikaivaa. Miaka yote nilikuwa nimeota kuvaa hiyo kitu. Ilinuka mbao na sigara, na ilikuwa nzito, ee Mungu wangu. Nilikaa chini nikalia kama mtoto ameachishwa titi.

Alipona. Lakini daktari aliniita kando akaniambia sehemu ya moyo yake imekufa na haitarudi, na kama angekuja Novemba pengine ingekuwa ingine. Ndio maana mnaona hawezi kubeba ndoo kutoka mtoni. Ile ndoo ni mimi naibebanga, tangu nihamie hapa kwake. Sasa mnajua kwa nini.

Na yule mama wa mboga nilienda nikamsalimia. Aliniuliza, "Mlikuwa mmesafiri?"

Basi sikia, mwanangu. Hii kitu iko kwa damu yetu, na haijali nani mrembo, nani mrefu. Enda upimwe hata kama unaruka kama swara. Sigara usionje. Kifua kikibana usiseme ni moshi, ni gesi, ni maharagwe ya githeri. Na ukipewa neno la kupelekea ndugu yako, lipeleke hata kama hamsalimiani. Mtukane kwanza ukitaka, lakini umwambie. Mimi nililia kwa sababu ya kunyimwa vitu vya baba, na huu moyo mzima niko nao ndio kitu kikubwa nilipewa, na sikusema asante.

Mungu awape mioyo inayosikia, muone wajukuu wa wajukuu, na mzee wenu alale akijua mtapigiana simu. Wivu yangu iliisha hiyo siku ya hospitali, kabisa, haikubaki hata kidogo—

"Barasa!" Ni Wekesa huyo, kutoka kwa kiti ya nyuma, na ile sauti ya baba. "Moyo nilikusamehe zamani. Koti ulilopewa ushike kidogo, utarudisha lini?"