Upande wa Kushoto wa Blanketi

Picha ya blanketi lile ilinifikia Jumapili asubuhi, nikipiga pasi sare za shule ambazo wenyewe wangekuja kuzichukua kesho yake. Iliwekwa kwenye kundi letu la simu, lile tunalotumia kuonyeshana mablanketi ya viraka. Aliyeituma alikuwa mwenzetu wa Kanduyi, kule Bungoma, mwalimu mstaafu wa ushonaji ambaye sote tulimwita Mwalimu tu. Hakuandika neno chini yake.

Niliweka pasi kando nikaitazama. Ulikuwa mtindo tuliokuwa tukijifunza siku hizo: unaanza na mraba mdogo mwekundu, kisha unauzungushia vipande vyembamba, juu, kulia, chini, kushoto, safu juu ya safu, mpaka mraba ule uwe kama moto katikati ya nyumba. Mwalimu alikuwa ameshona miraba mingi na kuiunganisha. Lakini katika kila mraba, kushoto hapakuwa na kitu. Vipande vilipita juu, vikashuka kulia, vikageuka chini, vikakoma. Na blanketi zima lilikuwa limesongamana upande wa kulia, rangi juu ya rangi, huku upande wa kushoto ukiwa kitambaa cheupe kitupu.

Simu ililia kutwa. Mmoja aliandika, "Mwalimu, umetuweza." Mwingine akaandika, "Hii sasa ni sanaa, bana." Mwenzetu wa Cheptais, mama anayeshona akiwa dukani kwake, aliuliza staili hiyo inaitwaje ili naye aijaribu. Mimi pia niliandika kwamba ule weupe umenipendeza, kwamba unampa mtu mahali pa kupumzisha macho. Nilisema nilichoona.

Baa pekee ndiye aliyenyamaza. Baa ni mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini Kitale. Neno lenyewe kwao ni jina la heshima la mama, nasi tulilichukua kwa watoto wake. Miaka mingi nilikuwa nikienda kwake kununua kitambaa cha sare, naye alikuwa akiniwekea mabaki kwenye mfuko badala ya kuyatupa. Hayo mabaki ndiyo yaliyotukusanya. Tulianza wawili, wakaja wengine, na sasa tunakutana Jumamosi moja ya kila mwezi katika chumba cha nyuma ya duka, katikati ya majora ya vitambaa, kila mtu na kazi yake na chai ya tangawizi ya Baa.

Mwalimu ndiye aliyetunyoosha. Alikuwa mtu wa vipimo. Aliwahi kufumua safu nzima mbele yangu, bila haraka, kwa sababu pembe moja ilikosana na nyingine kwa unene wa uzi. "Kitambaa hakisamehe," alizoea kusema. "Ukidanganya hapa, kitakutaja pale." Tulipoanza kutazama video kwenye simu na kutaka kujaribu kukata vipande bila rula, mkasi uende unakotaka, yeye ndiye aliyekataa. Alisema hiyo ni kazi ya watu wavivu. Kisha mvua za masika zilipoanza akabadilika. Mishono yake ikaanza kwenda upande, pembe zikaacha kukutana, na sisi tukafurahi. Tulisema Mwalimu amejiachilia hatimaye.

Jumamosi iliyofuata alikuja Kitale na blanketi lenyewe. Kulikuwa na baridi, na ukungu ulikuwa bado umekaa barabarani. Alipoingia chumba cha nyuma bega lake la kushoto liligonga mwimo wa mlango, kwa kishindo, hata mfuko ukamtoka mkononi.

"Huu mlango mmeusogeza," alisema, akacheka. Tukacheka naye.

Tulilitandaza blanketi juu ya meza ya kukatia. Lilikuwa zuri, siwezi kusema vinginevyo. Lakini mbele ya macho lilikuwa na kitu ambacho picha haikuonyesha. Mishono ya upande wa kulia ilikuwa imerudiwarudiwa, mahali pengine mara nyingi mpaka kitambaa kimekuwa kigumu, kana kwamba mshonaji alikuwa akitafuta nafasi na hakuiona nyingine.

Nilimwuliza, "Mwalimu, uliamuaje kuacha hapa?"

"Kuacha wapi?"

"Huku kushoto. Huku kweupe."

Alilitazama blanketi lake. Macho yake yalitembea kwenye rangi, yakafika katikati, yakarudi. "Sijaacha mahali," alisema. "Limejaa. Si unaona limejaa?"

Wenzangu waliguna kwa kulikubali jibu. Lilikuwa jibu la kupendeza, aina ya jibu ambalo mtu anayejua sana hutoa. Baa alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, kiganja chake kwenye ule weupe, akikipitisha taratibu kana kwamba anapapasa paji la mtoto mwenye homa. Watu wakaanza kuaga. Ndipo akanishika kiwiko akanivuta nyuma ya majora.

"Mama, sikia. Hii si staili."

"Ni nini basi?"

"Bwana yangu, kabla ya kufa, alikuwa ananyoa ndevu nusu. Hii upande safi kabisa. Hii ingine, ndevu iko. Mimi nasema, wewe umesahau kumaliza. Yeye anasema nimemaliza, anaangalia kioo, anasema nimemaliza. Mimi nilicheka pia. Huyu aende hospitali."

Nilimwambia labda ni uzee, au miwani. Baa akaenda kufunga duka.

Juma lile sikufanya kazi nikatulia. Nilijiambia kwamba kama ni staili, basi mshonaji mwingine anaweza kuishona. Nikatoa vipande vyangu, nikakata mraba mwekundu, nikauzungushia safu ya juu, ya kulia, ya chini. Kisha nikajaribu kuacha. Mkono ulikataa. Nilishona mraba wa pili, na bila kukusudia nikaufunga. Wa tatu nikauacha wazi, nikauweka mbele yangu, na sikuweza kuutazama bila kutaka kuuziba. Mwalimu alikuwa ameshona miraba ya blanketi zima bila kuteleza na kufunga hata mmoja. Hapo ndipo nilipomwamini Baa. Mtu anayeacha nafasi kwa makusudi husahau mara moja moja.

Nikampigia simu, nikamwambia ninakuja Bungoma kutafuta uzi na nitapita kumwona.

Nyumba yao ipo ndani kidogo kutoka barabara kuu, na mahindi yamepandwa hadi dirishani. Mumewe, fundi wa magari aliyestaafu, ndiye aliyenifungulia lango. Ni mzee mpole na mwenye maneno mengi. Nilipomwuliza hali ya Mwalimu alisema "mzima, mzima," na akaanza kunieleza habari za mbolea.

Walinichinjia kuku. Tuliketi mezani sisi watatu. Mwalimu alijipakulia, akala ugali na mboga upande wa kulia wa sahani mpaka upande ule ukawa mtupu kabisa. Paja la kuku lilikuwa upande wa kushoto, halijaguswa. Akanyanyua kichwa.

"Baba, leo mimi nimenyimwa nyama?"

Mzee alikuwa akinieleza bei ya mahindi inavyopandishwa na walanguzi wa Moi's Bridge. Hakukatiza sentensi yake. Alinyoosha kidole kimoja, akaizungusha sahani ya mkewe hadi paja la kuku likaja kulia, akaendelea kusema. Mwalimu akalichukua akala. Niliona kwamba kidole kile kilikuwa kimeizoea kazi hiyo.

Chakula kilipoondolewa na mzee akatoka kwenda kwa ng'ombe, nilitoa vipande nilivyokuja navyo. Nilimwekea Mwalimu mraba mwekundu mezani.

"Nipangie," nilimwambia. "Nataka nione unavyozungusha."

Alipanga juu, kulia, chini. Akaondoa mikono yake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na huku je?" Niliweka kidole kushoto.

"Wapi?"

Nikauchukua mkono wake wa kulia nikaupeleka pale, polepole, juu ya mbao, hadi vidole vikagusa ukingo mtupu wa kitambaa chekundu. Vidole vilitambua. Ni vidole vya mtu aliyefundisha wasichana kushona maisha yake yote. Vilipapasa ukingo, vikapapasa mahali ambapo kipande kilipaswa kuwa, vikarudi kwenye ukingo. Macho yake hayakuvifuata. Yalikuwa yakinitazama mimi, na niliona uso wake unabadilika kabla hajasema neno.

"Hapo pamekuwa hivyo tangu lini?" aliuliza, kwa sauti ya chini sana.

"Tangu mvua zianze, nadhani."

"Na lile blanketi?"

"Na lile blanketi."

Nje tulimsikia mzee akimwita ndama. Mwalimu aliondoa mkono mezani, akauweka pajani na kuufunika kwa mwingine.

"Usiwaambie wale," alisema. "Wamelipenda."

Mzee aliporudi, nilimweleza. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Baadaye alinisindikiza langoni. "Nilifikiri nikimgeuzia sahani itatosha," alisema.

Walimpeleka Eldoret, akapigwa picha ya kichwa. Ulikuwa uvimbe, upande wa kulia wa ubongo. Daktari aliwaeleza kwamba ubongo wa kulia ndio unaoangalia mambo ya kushoto, na kwamba macho ya Mwalimu hayakuwa na kasoro. Kushoto palikuwapo, ila kwake palikuwa pamefutwa. Wakapanga kumpasua.

Majuma hayo ya kungoja ndiyo yaliyokuwa mabaya kwangu kuliko yote. Nilikuwa nimeombwa kunyamaza, nami nilinyamaza, na Baa akanyamaza pamoja nami. Lakini kundi halikunyamaza. Mama wa Cheptais aliweka picha ya blanketi lake la kwanza la "staili ya Mwalimu," miraba yote imeachwa wazi kushoto, na wenzetu wakampongeza. Wiki hiyo hiyo mwingine akaweka foronya. Mwingine akamshonea mjukuu wake. Kila nilipofungua simu nilikuta kitu kingine chenye upande mmoja. Waliandika, "Mwalimu, nimepatia?" na Mwalimu, aliyekuwa amelala kitandani akingoja kunyolewa nywele, aliwajibu, "Umepatia." Nilianza kuiogopa simu. Mteja alinijia na sketi iliyofumuka mshono wa kushoto, mshono wa kawaida uliochakaa, nikamrudishia nikimwambia nimejaa kazi.

Alipasuliwa. Alitoka hai, na walisema wameondoa sehemu kubwa, isipokuwa kile kilichokaa mahali ambapo kisu hakiwezi kufika bila kuharibu. Hicho kingeangaliwa. Ndivyo walivyosema, kingeangaliwa.

Ilichukua muda kabla Mwalimu hajarudi Kitale. Mlangoni safari hii aligeuza kichwa kwanza, kwa bidii, kama mtu anayevuka barabara, kisha akaingia bila kugonga. Alikuwa na kitambaa kichwani na amekonda. Aliketi, akawaambia wote. Hakuzungusha maneno. Alisema blanketi lile halikuwa wazo lake, lilikuwa ugonjwa, na kwamba yeye hakuwahi kuuona ule weupe wanaousifia mpaka alipotoka hospitali. Mama wa Cheptais alianza kulia. Aliuliza kama achome alichoshona.

"Uchome kwa nini?" Mwalimu alisema. "Wewe uliacha nafasi ukiijua. Hiyo ni kazi yako. Yangu ndiyo sijui ni ya nani."

Tangu hapo Baa anamfundisha ushonaji wa kwao, wa kutandaza sari kuukuu moja juu ya nyingine na kuzipitishia uzi kwa mkono, mistari myembamba iliyo karibu karibu kutoka ukingo hadi ukingo. Baa huukunja ukingo wa kushoto kuwa pindo nene, ili Mwalimu aushike kwa vidole hata kama macho yamesahau kwenda. Mwalimu huanza pale, kila mstari. Wengine wetu tumeufuata ushonaji huo. Ni kazi ya taratibu na inatuliza, na chumba hukaa kimya kuliko zamani.

Jumamosi iliyopita mzee ndiye aliyemleta. Hakuingia. Nilimkuta mbele ya duka akitazama vitambaa asivyotaka kununua.

"Anashona vizuri?" aliniuliza.

"Vizuri, Mzee. Mistari imenyooka."

"Pande zote?"

"Pande zote."

Alitikisa kichwa. Akasogea karibu, akapunguza sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Leo asubuhi alivaa kiatu kimoja," alisema. "Cha kulia. Akatoka mpaka langoni, kwenye matope, akaniuliza mbona nachelewa."

"Ulimwambia?"

"Nilimletea kingine nikamvisha. Nikasema ni mimi nilikuwa nimekificha."

Jumatatu wanakwenda tena Eldoret, tarehe ilikuwa ya mwezi ujao lakini mzee ameomba isogezwe. Nilimwahidi kwamba nitakwenda nao. Kisha nikarudi ndani, kwa sababu nilisikia Mwalimu akiniita. Alikuwa amemaliza uzi na alitaka nimtungie mwingine kwenye sindano. Nilimtungia. Akaushika ukingo, akachoma sindano, na sisi wengine tukaendelea kushona, kila mmoja akiinua macho kwa zamu kutazama mkono wake.